Kilimia na Nyongeza Yake

Mchana napiga picha za harusi na za pasipoti pale Mafinga mjini. Usiku napiga picha nyota. Ukimwambia mtu wa kwetu hivyo, anakutazama viatu kwanza, halafu uso, halafu anauliza nani ananunua. Hanunui mtu. Nimechoka kueleza, kwa hiyo siku hizi nikiulizwa najibu kwamba nina mambo yangu, na watu wakishasikia una mambo yako wanakuacha upite, wakayajadili vizuri ukishapita.

Mufindi penyewe si mahali pa kupiga picha nyota, nikubali tu. Msimu wa baridi ukungu unashuka kwenye mipaini na hauna habari ya kuondoka. Ukungu ukikosekana, kuna moshi wa maranda kutoka kwenye mashine za mbao. Moshi ukikosekana, kuna malori. Mara ngapi nimesimama kando ya barabara ya msituni, makoti mawili mwilini, kamera juu ya stendi yake ya miguu mitatu, nimeiacha wazi ikusanye mwanga polepole, mara lori la magogo linatokea kwenye kona na taa zote zimewaka. Picha inageuka nyeupe. Dereva, Mungu ambariki, anapiga na honi ya salamu.

Lakini kuna usiku mwingine ukungu unabaki mabondeni. Unajaa huko chini taratibu mpaka vilele vya mipaini vinabaki peke yake, na mimi niko juu kilimani ambako hakuna kitu tena ila baridi na nyota. Usiku wa namna hiyo hata kupumua napumua kwa adabu. Naifungua kamera nasubiri, na katika kusubiri huko nasahau nilikuja kufanya nini. Mara nyingine nahisi kama ndiyo kwanza nazaliwa. Mara nyingine nahisi kama nilishakufa siku nyingi na hakuna aliyekuja kuniambia. Vyote viwili havinisumbui.

Ugonjwa huu nimeurithi. Tulipokuwa wadogo, kijijini, baba na mama walikuwa na tabia ya kukaa kibarazani baada ya kula, wamejifunika blanketi moja, wakibishana kuhusu Kilimia. Kilimia ni lile kundi dogo la nyota zilizobanana, ambalo likianza kuonekana jioni upande wa mashariki, watu walikuwa wanatoa majembe, maana mvua iko njiani. Baba alihesabu nyota sita. Mama alihesabu saba. Ilikuwa hivyo kila mwaka.

"Ya saba iko wapi?" baba anauliza.

"Si hiyo hapo pembeni, ndogo."

"Mimi siioni."

"Kwani nimesema uione wewe?"

Hapo baba anatugeukia sisi watoto. "Mama yenu ni mtu wa sokoni. Hata mbinguni anadai nyongeza."

Nyongeza, ile konzi ya maharage ambayo muuzaji anakutupia juu ya kipimo ukimbembeleza. Tangu hapo, nyumbani kwetu nyota ile ikaitwa nyongeza ya mama. Sisi watoto tuliangalia, tukakodoa, tukaona sita kama baba. Baba alikufa bila kuiona, na mama alilisema hilo hata msibani, akicheka na kulia kwa pamoja, mpaka wanawake wa kwaya wakadhani amechanganyikiwa.

Kisha macho ya mama yakaanza kufunga. Daktari alisema ni presha ya macho, kwamba kilichopotea hakirudi na matone ni ya kulinda kilichobaki. Mama alinieleza yeye mwenyewe kwa lugha yake: anaona kama mtu anayechungulia ndani ya mwanzi wa kugemea pombe ya ulanzi. Katikati kuna mwanga, pembeni hakuna dunia. Mchana, akikaa dirishani, kitu kikubwa anakiona. Gizani haoni kabisa. Nilimuuliza nimletee nini kutoka mjini, nikidhani atasema sukari au sweta.

"Kilimia," akasema. "Nimekaa siku nyingi sijakiona. Wewe si unapiga hizo nyota zako? Nipigie Kilimia, kiwe kikubwa, nikitazame hapa dirishani kabla mwanzi haujaziba."

Mama si mtu wa kuomba. Sweta lake la kanisani nililinunua kwa ugomvi. Nilimjibu kwamba nitakileta, halafu nikatoka nje nikajifanya natafuta mtandao wa simu.

Katika baridi Kilimia kinatoka alfajiri. Alfajiri moja niliamka, nikafungua mlango, nikakuta ukungu umesimama pale pale kizingitini. Nyingine vivyo hivyo. Nikaanza kuuchukia ukungu kama mtu. Watu wa mashine za mbao walinisikia nikigomba peke yangu barabarani, nikaongeza sifa zangu mjini. Juma likapita, na lingine likaingia, na kila nikimpigia mama simu ananiambia nisihangaike, yupo, anaona vizuri tu. Mwishoni nikasema basi, mbingu ikigoma huku juu nitaifuata kule chini. Dereva mmoja ninayefahamiana naye alikuwa anashuka na Fuso lake kwenda Madibira kubeba mpunga. Nikapanda na stendi yangu.

Njia ya kushuka Usangu ni ya kuvua nguo. Unaanza na makoti mawili, unafika kwenye miti mifupi unavua moja, ukifika bondeni unabaki na blauzi na vumbi. Nilipoamka kwenye kiti jua lilishazama, na nje ya dirisha hapakuwa na kilima hata kimoja. Tambarare tupu, majaruba yaliyovunwa, marundo ya mpunga yamekaa kimya moja moja, na juu yake anga ambalo sikulijua kwamba ni pana hivyo. Nikabandika paji la uso kwenye kioo. Dereva akaniuliza kama naumwa.

Nililala kidogo, nikaamka kabla ya majogoo, nikatembea kwenye tuta la mfereji. Maji yalikuwa yanakwenda polepole na nyota zilikuwa zinakwenda nayo, zinakatika kwenye majani, zinaungana tena. Ng'ombe wa mtu walikuwa wanakohoa mbali. Harufu ya mabua ya mpunga ilikuwa nzito kiasi kwamba nilihisi natembea ndani ya chakula. Nikatafuta rundo lililokaa vizuri, nikaisimamisha stendi, nikaielekeza kamera mashariki. Na tochi ikaniwaka usoni.

"Hapa hapapimwi," sauti ya mwanamke ikasema. "Shamba hili lina mwenyewe."

Nimeshaitwa mchawi mara nyingi, nimezoea. Lakini mpima ardhi, hapana. Kumbe kwao, mtu akisimama shambani na kitu cha miguu mitatu anachungulia, baada yake zinakuja nguzo za zege na maneno. Alikuwa mama wa makamo, koti la kiume, kanga kichwani, panga mkononi, amelala hapo akilinda mpunga wake. Nikamsalimia kwa adabu zote nilizofundishwa.

"Kamwene, mama. Sipimi ardhi. Napiga picha Kilimia."

"Kilimia cha juu?"

"Cha juu."

Akatazama juu. "Wanataka kukipima nacho?"

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Halafu, sijui kwa nini, pengine kwa sababu giza lilikuwa zuri na yeye simjui, nikamweleza yote: mama, macho, mwanzi, dirisha. Alisikiliza bila kuniingilia. Nilipomaliza akazima tochi yake, akatazama huku na huku. Walinzi wengine wa mpunga walikuwa wametapakaa kwenye majaruba, kila mmoja na kijitaa chake, na wengine walishaanza kutuelekezea sisi. Akaweka mikono mdomoni akaita kwa sauti ndefu.

"Zimeni tochi huko. Kuna mtu anampigia mama yake Kilimia."

Mtu akauliza kitu kutoka mbali kwa Kisangu, akajibiwa. Kisha taa moja ikazimika. Nyingine. Nyingine, huko mbali kabisa ambako sikudhani kuna mtu. Tambarare nzima ikaingia gizani bila haraka, mpaka hapakuwa na alama ya mwisho wa ardhi na mwanzo wa mbingu, na mimi nilikuwa nimesimama katikati sijui niko upande gani. Watu ambao sitawajua kamwe walikaa gizani na mpunga wao kwa ajili ya mama yangu. Niliwapenda wote.

Kilimia kikatoka. Kilitoka juu ya rundo la yule mama, kidogo, kimebanana, kama nilivyokiacha utotoni. Niliiacha kamera wazi, nikafunga, nikaiacha tena. Yule mama alichungulia kioo cha nyuma ya kamera akashangaa, maana kamera inaona nyota nyingi kuliko macho. Halafu akainua kichwa akahesabu kwa kidole.

"Mimi naona sita," akasema.

"Mama yangu anaona saba."

"Basi huyo mama yako ana macho."

Nilijifanya nafuta lenzi.

Fuso lilikwenda kushusha mpunga mashineni Rujewa, na mimi nikaunganisha basi hadi Mbeya, kwa sababu nilitaka karatasi kubwa na mashine yangu haitoi ukubwa ule. Nikaingia studio moja Mwanjelwa. Fundi wa pale, nywele zimechongwa, heleni sikio moja, akachukua kadi ya kamera yangu, akaiangalia picha kwenye kompyuta, akapiga mluzi mdogo.

"Usijali sista. Hii nitaitengeneza fresh. Kapate chai urudi."

Nilikwenda nikanywa chai, nikachelewa, nikarudi mbio. Picha ilishasokotwa, imefungwa gazeti, juu yake nailoni, gundi kila mahali, kazi ya mtu anayejali, na kadi yangu ameibandika juu. Basi la kupandisha lilikuwa linanguruma. Niliipakata njia nzima kama mtoto mchanga, na abiria wa pembeni aliniuliza kama ni ramani.

Nilimkuta mama jikoni. Kabla sijabisha hodi alishaniita mwanangu, akaniambia nikae, akanimiminia chai. Kidole chake cha shahada kilikuwa ndani ya ukingo wa kikombe, chai ilipokigusa akaacha kumimina. Nikaona, nikafikiri ni mazoea ya wazee. Kanga yake aliivaa upande wa ndani nje. Nikaona pia, nikafikiri ni haraka za asubuhi. Mtu akiwa na furaha yake haoni vizuri.

Tukakaa dirishani, jua limeingia lote. Nikararua nailoni, nikararua gazeti, nikamtandazia mama picha mapajani na kumshikia pembe. Mimi nilikuwa natazama uso wake. Safari yote ile, uso ule ndio niliokuwa nimeufuata. Aliinama, akasogeza pua karibu na karatasi, akakaa hivyo muda. Kisha akatabasamu vile alivyokuwa akitabasamu akimshika baba kwa hoja.

"Hiki hapa," akasema, kidole kimetulia kwenye karatasi. "Kilimia chetu. Na nyongeza yangu hiyo hapo pembeni."

Nikashusha macho nitazame. Chini kulikuwa na rundo la mpunga, zuri, kila bua lake. Juu ya rundo kulikuwa na weusi. Weusi laini, safi, umepigwa pasi kutoka pembe hadi pembe. Hapakuwa na nyota hata moja.

Kidole cha mama kilikuwa bado kipo pale.

"Ndicho chenyewe, mama," nikasema.

Nikatoka nje. Safari hii mtandao ulikuwepo, nikampigia fundi.

"Ile picha?" akasema. "Sista, ilikuwa na vumbi balaa. Nimekaa nayo, nikaitoa doa moja moja. Hata sikukuchaji ya kusafisha."

Nilikuwa nimeandaa matusi ya kutosha Mwanjelwa nzima. Nikayaacha. Mimi ni nani nimseme? Nusu ya maharusi wa Mufindi nimewatoa chunusi kwa mkono wangu, hawakuniomba. Kwetu sisi wa studio kitu chenye madoa kinasafishwa, ndiyo heshima ya mteja. Kijana alikuwa amekaa akizizima nyota moja moja, kwa uangalifu, kwa nia njema. Nikamwambia asante. Kisha nikazunguka nyuma ya jiko nikalia kama mtu aliyepigwa, kwa sababu kile kidole ndani ya kikombe sasa nilikuwa nimekielewa, na kanga, na "naona vizuri tu" ya kwenye simu. Mwanzi ulikuwa umeziba. Nilikuwa nimechelewa.

Usiku mama alipolala niliitandaza ile picha mezani. Nilitaka kuichana, haki ya Mungu, mikono ilishashika. Lakini kwenye kikapu chake cha vitambaa kulikuwa na sindano, na nikakumbuka namna kidole kile kilivyotulia kwenye weusi, kinangoja kitu. Nikaigeuza karatasi uso chini. Nikawasha kamera, nikakiweka Kilimia mbele yangu, na nikaanza kutoboa kutoka nyuma, ili upande wa mbele karatasi iinuke kidogo, iwe na kipele. Nilitoboa zile ambazo macho yangu yamezijua tangu kibarazani. Nyumba ilikuwa kimya, ukungu umejaa nje, na kwa muda nilijiona niko tena kwenye majaruba, tochi zote zimezimwa, watu wote wananingoja.

Asubuhi nikamkalisha palepale.

"Lete mkono, mama."

Nikakiweka kidole chake juu ya nyota ya kwanza. Kikasimama. Kikasogea, kikapata ya pili, kikarudi kuhakikisha ya kwanza haijaondoka. Akazipitia zote. Akazipitia tena.

"Kwa hiyo jana palikuwa hapana kitu," akasema.

"Palikuwa tupu. Studio walizifuta, walidhani ni vumbi."

"Na wewe ukaniambia ndicho chenyewe."

"Na wewe ukaniambia unakiona."

Akacheka, mabega yakatikisika. "Mwanzi uliziba wakati unasubiri ukungu uondoke," akasema. "Ningekuambia nini, na wewe umeshapanda lori?"

Nilikiegemeza kichwa changu begani kwake, na tukakaa hivyo. Kidole chake hakikuacha kutembea. Kilizunguka, kikazunguka, na taratibu nikaona paji la uso linakunjwa kama zamani.

"Hizi ni sita," akasema.

"Ndiyo."

"Hizi ni za baba yako. Nyongeza yangu iko wapi?"

Nikaanza kujitetea, kwamba sijawahi kuiona, kwamba nisingejua niiweke upande gani.

"Lete sindano."

Nikampa. Akaigeuza karatasi mwenyewe, akazitafuta sita kwa kidole gumba cha kushoto, akazipima, akasogea pembeni kidogo, bila wasiwasi, kama mtu anayejua chumvi inakaa wapi jikoni kwake. Akaikandamiza sindano kwa nguvu zake zote mpaka ikatokea upande wa pili na kunasa kwenye kanga.

Nikaichomoa. Nikaiinua picha mbele ya dirisha, jua likiwa nyuma yake, na mwanga ukapita kwenye matundu. Sita yalikuwa madogo, ya mkono wangu wenye woga. La pembeni lilikuwa kubwa kuliko yote.

"Inaonekana?" mama akauliza.

"Inaonekana, mama," nikamwambia, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuiona.